Kompyuta ya Nyumbani Imezeeka: Jinsi ya Kuhifadhi Nakala, Kuweka SSD na Kuongeza RAM Bila Kupoteza Faili

Wanaokwama katika kazi hii hukwama palepale. Wanapiga Windows upya kabla ya kuhakikisha kwamba nakala inafunguka, wananunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) isiyoendana na mashine, au wanahamishia mafaili kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) bandia inayoharibu data baada ya GB chache. Hatua za hapa zimepangwa kwa mfuatano unaozuia makosa hayo. Usiruke hatua, hasa ya 3 na ya 4.

Mwongozo unahusu kompyuta za Windows za kuanzia 2011 hadi 2017 hivi, yaani Intel Core kizazi cha 2 hadi cha 7. Ndizo zilizojaa majumbani na kwenye maduka ya mitumba, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Mfano wetu mkuu ni EliteBook 840 G1, lakini utaratibu ni uleule kwa nyingine, hata za mezani.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Diski ya nje ya USB yenye nafasi angalau mara mbili ya data uliyonayo. Kama umetumia GB 200, diski ya GB 500 inatosha.
- SSD ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), GB 240 au zaidi. Laptopu nyembamba zinataka yenye unene wa milimita 7.
- RAM ya aina sahihi. Usinunue kabla ya kumaliza hatua ya 1.
- Flashi ya GB 16 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote.
- Kebo ya kuunganisha diski ya SATA kwenye USB, au kasha la diski la USB.
- Bisibisi za nyota, PH0 na PH1. Baadhi ya HP zina skrubu za Torx, hivyo ongeza T8.
- Kadi ya plastiki ya zamani ya kufungulia kifuniko, na kifutio cheupe cha penseli.
- Bando la kutosha: GB 6 kwa Windows, GB 3 kwa Linux Mint (mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows).
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha diski, unaanza upya.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD. Diski ya zamani inayozunguka hutoa takriban MB 100 kwa sekunde inaposoma faili moja kubwa, na hushuka vibaya sana inaposoma maelfu ya faili ndogo, jambo ambalo Windows hulifanya kila inapowaka. SSD ya SATA hufika karibu MB 550. RAM ni ya pili: kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti mara moja, kutoka 8 kwenda 16 ni kwa wanaohariri video au kufungua vitu vingi kwa pamoja. Prosesa iache. Kwenye laptopu kama 840 G1 imechomelewa kwenye ubao, haibadilishiki.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Andika kwenye karatasi mistari mitatu: "System Model", "Processor" na "BIOS Mode". Huu wa mwisho utasema UEFI au Legacy, yaani njia mpya au ya zamani ya mashine kuwaka, nao utauhitaji unapotengeneza flashi.

Kizazi cha prosesa kinasomeka kwenye jina lake. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-7200U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8.

Sasa bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia "Performance", kisha "Memory". Mstari wa "Slots used" unakuambia nafasi za RAM ni ngapi na zilizotumika ni ngapi. Ukiona "1 of 2", unaongeza kipande cha pili bila kutupa cha kwanza.

Aina ya RAM isome kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya RAM yenyewe, baada ya kuzima mashine na kufungua kifuniko kama hatua ya 7 inavyoelekeza. Mfano: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. GB 4 ni ujazo. PC3 ni DDR3. L maana yake inatumia volti 1.35. 12800 ni kasi, sawa na 1600 MHz. S ya mwisho ni umbo fupi la laptopu.

Herufi hiyo ya L ndiyo inayowatesa wengi. 840 G1 na laptopu nyingine za kizazi cha 4 zimetengenezwa kwa DDR3L. Ukiweka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, RAM inaingia vizuri na pengo lililo kati ya meno yake linakaa mahali pake, lakini mashine mara nyingi haiwaki. Kinyume chake hakina shida: DDR3L hufanya kazi pia kwenye mashine za zamani za volti 1.5. Ukiwa na wasiwasi, chukua yenye L. Kwenye mashine ya DDR3, DDR4 haiwezi kuingia kabisa, kwa kuwa pengo lake liko sehemu nyingine, usiilazimishe.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Ikiwa ndivyo, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka RAM ya GB 16, na dawa ni kusakinisha ya biti 64.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye jina la mashine, kizazi cha prosesa, aina ya BIOS, na maneno kamili ya kwenye RAM.

## Hatua ya 2: Pima diski ya zamani, kisha pima ulivyonunua

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ifungue uone rangi: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Kisha soma mistari mitatu: 05, C5 na C6. Thamani ghafi ("Raw Values") za mistari hiyo zinapaswa kuwa sufuri. Kumbuka kwamba programu hii huonyesha thamani hizo kwa mfumo wa heksadesimali, hivyo "10" hapo ni 16.

C5 ikiwa na namba, kuna sehemu za diski zinazogoma kusomeka. Hapo usiendeshe `chkdsk`, ukaguzi wa diski wa Windows, hata kama Windows inakuomba. Kazi hiyo huisukuma diski mbovu kwa masaa na inaweza kuimaliza kabla hujatoa kitu. Nenda moja kwa moja hatua ya 3, anza na faili unazozihitaji zaidi.

Diski ikigonga "tak, tak, tak", zima mashine. Kila dakika inayowaka, kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani. Kama data ni ya lazima, mpelekee fundi wa kurejesha data, na usimruhusu mtu mwingine yeyote kuijaribu kwanza.

Sasa vitu vipya. Flashi na SSD bandia zipo nyingi, na ujanja wake ni mmoja: ndani kuna GB 32, lakini imepangwa idanganye kwamba ni GB 1000. Unanakili, inakubali, na faili zilizopita ujazo wa kweli zinaharibika kimyakimya. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya flashi ni bandia, usipoteze hata muda wa kuijaribu.

Tumia H2testw, programu inayopima ujazo wa kweli. Ukiwa na SSD mpya, iunganishe kwa kebo ya USB, fungua `diskmgmt.msc`, ianzishe ("Initialize") kama GPT, ambao ni mtindo mpya wa kugawa diski, ifomati, kisha iache H2testw iandike mpaka ijae na isome tena. Kwa GB 240 kupitia USB 3 ni chini ya saa 1 kwa kawaida. USB 2 ni polepole mno, kama MB 30 kwa sekunde, hivyo tafuta tundu la rangi ya buluu. Diski ya nje ya TB 1 ianze jioni uiache usiku kucha.

Umefaulu ikiwa: H2testw inamaliza kwa kuandika "Test finished without errors". Neno jingine lolote, rudisha kitu dukani siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Hamisha nakala

Kwanza, fomati ya diski ya nje. Bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties". Ikiwa ni FAT32, haitapokea faili inayozidi GB 4, na video ndefu zitakataa. Ifomati iwe NTFS, au exFAT kama utaitumia pia kwenye Mac. Fanya hivi ikiwa tupu.

Kubofya na kuburuta folda kunafaa kwa vitu vichache. Kwa GB nyingi hakufai: faili moja ikigoma, kazi nzima inasimama ikikusubiri, na hujui kilichoruka. Tumia `robocopy`, ambayo tayari imo ndani ya Windows.

Tengeneza folda `E:\Nakala` kwenye diski ya nje. Badili E iwe herufi ya diski yako na Amina iwe jina la folda yako ndani ya `C:\Users`. Fungua Command Prompt kwa kitufe cha kulia, "Run as administrator", kisha andika kwa mstari mmoja:

`robocopy C:\Users\Amina E:\Nakala\Amina /E /XJ /R:1 /W:1 /XD AppData /XF NTUSER* /LOG:E:\Nakala\ripoti.txt /TEE`

Kila kipande kina kazi yake. `/E` huchukua folda zote za ndani. `/XJ` huzuia robocopy kufuata njia za mkato za mfumo ambazo huzunguka bila mwisho. `/R:1 /W:1` ni ya lazima: bila hiyo, robocopy hujaribu faili iliyogoma mara 1,000,000 ikisubiri sekunde 30 kila mara. `/LOG` huandika ripoti, na `/TEE` huonyesha maendeleo kwenye skrini.

Kama jina la folda lina nafasi ndani yake, zungushia njia nzima alama za kunukuu. Na usitumie `/MIR` unayoiona kwenye video za mafunzo. Ukikosea ukageuza chanzo na mahali pa kunakilia, itafuta faili zako halisi ili zifanane na diski tupu.

### Vitu vinavyosahaulika

Watu hukumbuka picha na nyaraka. Wiki mbili baadaye ndipo wanapoulizia haya:

- Faili zilizo nje ya folda yako. Fungua C: uone folda ulizotengeneza mwenyewe, na angalia kama kuna D:.
- QuickBooks, programu ya hesabu za biashara. Kwa kawaida data yake hukaa `C:\Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks\Company Files`, ambayo amri ya juu haiigusi. Ndani ya programu yenyewe tengeneza pia faili ya akiba.
- Tally na programu za duka. Fungua programu, tafuta inakoonyesha njia ya data, nakili folda hiyo programu ikiwa imefungwa.
- Outlook. Faili za .pst ni barua pepe zako zenyewe. Za .ost hazihitajiki, zitashuka upya kutoka kwenye seva.
- Nywila za kivinjari. Kunakili folda ya Chrome hakuhamishi nywila, kwa sababu zimefungwa kwa akaunti ya Windows ile. Washa usawazishaji wa akaunti ya Google, au zitoe kama CSV. CSV hiyo inasomeka na yeyote, hivyo ukishaiingiza kwenye mashine mpya ifute.
- Vidokezo vya Sticky Notes. Vimo kwenye `plum.sqlite`, ndani ya folda ya AppData tuliyoiruka. Kama ni vichache, vinakili kwenye faili ya maandishi.
- OneDrive. Faili yenye alama ya wingu haimo kwenye kompyuta, ni kivuli tu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", subiri zishuke, ndipo unakili.

Robocopy ikimaliza huonyesha jedwali lenye safu ya "FAILED". Inapaswa kuwa sufuri. Ikiwa na namba, fungua `ripoti.txt`, tafuta neno ERROR, uone ni faili gani. Mara nyingi ni faili iliyokuwa wazi kwenye Word au Excel. Funga programu zote, rudia amri ileile; itachukua tu zilizobaki.

## Hatua ya 4: Hakikisha nakala inafunguka

Chomoa diski ya nje kwa utaratibu, ipeleke kwenye kompyuta nyingine. Kuifungulia kwenye mashine ileile hakuthibitishi vya kutosha: njia za mkato zinaweza kukufungulia faili ya asili bila wewe kujua.

Fungua picha ya zamani kuliko zote, video kubwa kuliko zote (irushe mpaka mwisho wake), PDF moja, Excel moja, na faili moja kutoka folda iliyo ndani kabisa. Kisha linganisha idadi ya faili za Documents na Pictures pande zote mbili. Tofauti ya faili mbili tatu zilizofichwa si tatizo. Tofauti ya mia ni tatizo.

Vitu visivyopatikana tena, kama vyeti, hati ya kiwanja, picha za wazee na vitabu vya hesabu za biashara, viwe na nakala ya pili mahali pengine. Google Drive hutoa GB 15 za bure, OneDrive GB 5. Diski moja ya nje inaweza kuanguka mezani wakati unafungua skrubu.

Umefaulu ikiwa: faili zote ulizojaribu zimefunguka kwenye kompyuta ya pili. Kabla ya hapo, usibadili kitu chochote ndani ya mashine.

## Hatua ya 5: Funguo na leseni

Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika `manage-bde -status`. Ukiona "Protection On", diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi. Bila huo, diski ya zamani haitasomeka ukiiunganisha kwa USB baadaye.

Leseni ya Windows yenyewe isikutie hofu. Kama iliamilishwa kihalali, imefungamana na ubao mkuu wa mashine. Kubadili diski na RAM hakuigusi: wakati wa kusakinisha utachagua "I don't have a product key", na ukiunganisha intaneti itajiamilisha. Microsoft Office, antivirusi na programu za hesabu ni tofauti. Andika namba zake sasa.

## Hatua ya 6: Chagua mfumo na utengeneze flashi

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine) na, kwa Intel, kizazi cha 8 kuendelea isipokuwa chache za kizazi cha 7. Kwa hiyo 840 G1 haimo.

Kama kazi ya kompyuta ni intaneti, barua, masomo ya watoto na filamu, weka Linux Mint. Toleo la 22 lina msaada hadi 2029, na linakwenda vizuri kwenye GB 4 za RAM ukichagua Xfce, aina yake nyepesi. Kama unategemea QuickBooks ya mezani au Excel yenye makro, baki na Windows 10 ndani ya mpango ule wa nyongeza na uanze kuweka akiba ya mashine nyingine. Njia za kuilazimisha Windows 11 zipo, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, na kwa kompyuta yenye taarifa za benki hilo si la kubahatisha.

Flashi ya Windows itengeneze kwa zana rasmi ya Microsoft ya Media Creation Tool. Ya Mint itengeneze kwa Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi. Kwenye Rufus chagua GPT kama `msinfo32` ilisema UEFI, na MBR (mtindo wa zamani) kama ilisema Legacy. Ukikosea hapo, flashi haitaonekana wakati wa kuwasha.

Usipakue Windows "iliyoamilishwa tayari" wala programu za kuvunja leseni. Hizo ndizo njia kuu za kuingiza wezi wa nywila kwenye mashine ambayo umeisafisha tu.

## Hatua ya 7: Weka RAM kwanza, peke yake

Usibadili RAM na diski kwa mara moja. Mashine ikikataa kuwaka hutajua mkosaji ni nani.

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Shika kitufe cha kuwashia sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli utoke mwilini, na usifanyie kazi kwenye zulia. Kwenye 840 G1 kifuniko cha chini hufunguka kwa kusukuma kilango. Kwenye nyingine fungua skrubu na uzipange mezani kwa umbo lile zilivyokuwa: skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa ubao.

Shika RAM kwa kingo. Iingize ikiwa imeinama nyuzi 30 hivi, isukume mpaka meno ya dhahabu yasionekane tena, kisha ilaze mpaka vishikio vya pembeni vilie "klik" vyote viwili. Meno yakionekana bado, haijaingia.

Ukiwa hapo, tazama meno ya RAM ya zamani. Mombasa, Tanga, Zanzibar na popote penye hewa ya chumvi, huwa yamefunga utando wa kijani au mweupe. Yasugue polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili, yaache yakauke. Laptopu nyingi "zilizokufa" huko zinahitaji hilo tu. Toa vumbi la feni pia, lakini ishikilie isizunguke unapopuliza, kwani kuizungusha kwa kasi huharibu beringi.

Washa. Mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi kwa nusu dakika au zaidi mashine ikiizoea RAM mpya. Ikibaki nyeusi dakika mbili, au taa ya Caps Lock ikapepesa, toa RAM, iingize tena, kisha jaribu kipande kimoja kimoja.

Ikishawaka, tafuta `mdsched` kwenye Windows uipime RAM.

Umefaulu ikiwa: Windows inaonyesha jumla sahihi na kipimo hakina kosa hata moja. Kosa moja linatosha kuirudisha dukani. RAM mbovu huharibu faili bila kukuambia.

## Hatua ya 8: Badili diski

Zima na chomoa kama mwanzo. Toa pia diski ya nje yenye nakala, iweke chumba kingine. Wengi wameifuta hiyo wakidhani wanafuta SSD.

Diski ya zamani imeshikwa na skrubu na kebo fupi. Fungua skrubu, ivute taratibu kutoka kwenye kiunganishi, hamishia vishikio vyake kwenye SSD, rudisha vilevile. Kwa kompyuta ya mezani, tumia kishikizo cha inchi 3.5. Kama plagi ya umeme ya SATA haipo na unatumia adapta ya Molex (plagi ya umeme ya zamani), epuka zile za plastiki iliyomiminwa juu ya waya, zinajulikana kuungua.

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uangalie SSD imeonekana, na SATA ipo kwenye AHCI, njia ya kisasa ya mashine kuwasiliana na diski. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha. Ukibadili baadaye, Windows itakupa skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

## Hatua ya 9: Sakinisha upya, au hamisha diski nzima

Sakinisha upya. Mfumo uliotumika miaka saba una mabaki, draiva za printa zilizokufa na pengine virusi, na hakuna sababu ya kuvihamishia kwenye SSD. Kuhamisha diski nzima kunastahili pale tu ulipo na programu yenye leseni ambayo kisakinishi chake kimepotea.

Kusakinisha upya. Chomeka flashi, washa ukibonyeza F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo. Windows ikiuliza pa kusakinisha, unapaswa kuona diski moja tu yenye "Unallocated Space", au sehemu uliyoifomati kwa H2testw ambayo unaifuta. Chagua nafasi hiyo tupu na uendelee; itajigawa yenyewe. Ukiona diski mbili, simama, zima, tafuta ya pili imetoka wapi.

Wi-Fi isipofanya kazi, unganisha simu ya Android kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows na Mint zote huitambua bila draiva, na kupitia hapo zitashusha draiva zilizobaki.

Kuhamisha diski nzima. Kazi hii hufanywa kabla ya hatua ya 8, SSD ikiwa kwenye kebo ya USB. Andika `powercfg /h off` kwanza, ili Windows izimike kikweli na isiache faili nusunusu. Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski nzima, inataka SSD yenye ukubwa sawa na diski ya zamani au zaidi. Kama SSD ni ndogo, tumia programu ya bure ya kampuni iliyoitengeneza, ambayo kwa kawaida hupunguza sehemu yenyewe. Mara ya kwanza kuwasha, diski ya zamani iwe nje: zote mbili zina utambulisho mmoja, na Windows itaizima mojawapo.

Umefaulu ikiwa: mashine inafika kwenye skrini ya kuingia ndani ya sekunde 15 hadi 30, na amri `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` inajibu 0, maana yake SSD inasafishwa ipasavyo.

## Hatua ya 10: Rudisha faili

Maliza masasisho yote kwanza, kisha unganisha diski ya nje. Rudisha Documents, Pictures, Videos, Desktop na data za programu. Usirudishe `Program Files`. Programu haziwezi kufanya kazi bila kumbukumbu zake ndani ya Windows, zisakinishe upya. Folda ikikuambia huna ruhusa, bofya "Continue" na usubiri.

Kwenye Mint, Timeshift hulinda mfumo tu, na kwa kawaida huiacha folda yako ya nyumbani. Kwa faili zako tumia Backup Tool. Kwenye Windows, hifadhi ile amri ya robocopy kama faili ya .bat uiendeshe kila wiki, kisha uchomoe diski. Diski inayobaki imechomekwa siku zote husimbwa pamoja na kompyuta siku virusi vya kudai fidia vikiingia.

## Hatua ya 11: Diski ya zamani

Iandike tarehe, uiweke kabatini angalau mwezi mmoja bila kuigusa. Ndani ya muda huo utagundua ulichokisahau.

Baada ya hapo, kama CrystalDiskInfo ilikuwa buluu, iweke kwenye kasha la USB iwe diski ya nakala ya pili. Ukitaka kuiuza au kumpa mtu, kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Faili zinarejeshwa kwa programu ya bure. Fungua `diskpart`, andika `list disk`, itambue kwa ukubwa wake, `select disk` na namba yake, hakiki tena kwa `detail disk`, kisha `clean all`. Amri hiyo huandika sufuri kila mahali, na kwa diski ya GB 500 kupitia USB 3 huchukua kama saa 1 na nusu hadi 2.